Timu ni sita tu

Saa tano usiku, Jumamosi. Nyumba nzima imelala, tumebaki mimi na feni. Nimejaribu kulala mara mbili na mara zote mbili nimeisikia ile sauti, kavu, haina hasira wala huruma, kama ya karani wa dirishani: "Timu ni sita tu, mama."

Mnaonifuata tangu ile habari ya jino mnajua mwanangu Isa hanaga maneno mengi. Jumanne nimerudi saa mbili na nusu usiku, Barabara ya Mandela ilikuwa imesimama kuanzia bandarini. Nikamkuta kwenye meza ya chakula na laptop yangu ya zamani, ile iliyong'oka herufi N. Mama yangu kajilaza mkekani, Mwanne anakunja nguo, ugali wangu umefunikwa kwa sahani na dagaa wake pembeni. Isa anacheza Pokémon, gemu ya kukamata wanyama wa kubuni na kuwapiganisha. Si ile ya Nintendo, kampuni ya Kijapani, yenyewe, maana wale gemu zao kubwa hawaziweki kwenye brauza. Ni moja waliyoitengeneza mashabiki, unafungua ukurasa unacheza bure, humalizi hata bando. Rama ndiye aliyemwonyesha, na nani mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hapa pameandikwa Bibi?"

"Ni Snorlax. Analala mpaka anaziba njia."

Nikacheka, nikamtazama mama pale mkekani, ameziba njia ya jikoni kweli. Nikavuta kiti. Kumbe kila mnyama kampa jina la mtu wa hapa nyumbani. Yeye mwenyewe ni Pikachu, hilo halina mjadala. Baba yake ni Onix, nyoka wa mawe mwenye urefu wa mita 8.8, na mkimjua Baba Isa na semitrela lake mtakubali mtoto ana jicho. Mwanne ni Chansey, yule wa waridi anayebeba yai na kutibu wenzake. Rama ni Mankey, nyani mwenye hasira. Wa sita ni Koffing, dude la zambarau linalotoa moshi, naye anaitwa Anko Mudi.

"Anko Mudi wa bajaji?"

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

Akabonyeza. Tukatoka kwenye timu, tukaingia ukurasa mwingine wenye vijumba vidogo vidogo vilivyopangwa mistari, kama masanduku ya barua pale Posta. Vingi vitupu. Akaweka mshale kwenye kimoja, kwenye kiumbe cha njano kilichokaa chini, macho kimefumba.

"Uko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye boksi."

"Kwa nini niko kwenye boksi?"

"Timu ni sita tu, mama."

Basi. Akarudi kwenye timu yake, mimi nikaenda kunawa.

Tangu siku hiyo nimeigeuza sentensi ile kama mtu anayegeuza noti akitafuta kama ni bandia. Kinachonisumbua zaidi ni lile "mama" la mwishoni. Kuna mama ya kubembeleza, kuna mama ya kuomba hela, na kuna mama ya konda kwa abiria mwenye furushi kubwa: gari imejaa, mama. Ile ilikuwa ya konda. Nimejaribu kuisikia kama ya kubembeleza, haikubali.

Halafu hesabu. Sita ni sita, sawa, hilo ndilo sharti la gemu, anayezidi anakwenda boksi. Lakini Baba Isa! Gari yake iko foleni Tunduma siku ya nne leo, mtu anayelala hapa labda usiku nane kwa mwezi, naye yuko kwenye timu, anapigana. Mudi yuko kwenye timu. Mudi ninamlipa mimi, kila Ijumaa, na mwezi uliopita kaniongezea nauli.

Jumatano nimepewa barua ya kupandishwa cheo na jioni yake Sauda kavishwa pete, nitaviandika vyote kwa nafasi yake. Ninachotaka kusema ni kwamba mchana, wenzangu wananipongeza kwa soda, mimi nilikuwa natafuta kwenye simu yule wa njano ni nani. Anaitwa Abra, namba 63 kwenye orodha yao. Maelezo yake yanasema hulala saa kumi na nane kwa siku. Nikapandwa na hasira. Mimi! Ninayeamka saa kumi alfajiri ili saa kumi na moja niwe kituoni! Nusura nimpigie Mwanne amwite mtoto kwenye simu.

Kisha nikasoma chini yake. Abra wa porini anajua pigo moja tu, na si pigo hata kidogo: anatoweka. Ukikutana naye, kabla hujajipanga, ameshaondoka, umebaki unatazama majani.

Nikaweka simu chini. Soda ikaisha gesi.

Nikaendelea kusoma kwa sababu kazi haikuwa inapanda, na hapo nikamkuta mwenye mchezo wake, Satoshi Tajiri, Mjapani aliyekulia Machida, pembeni ya Tokyo. Utotoni alikuwa mtu wa kukamata wadudu, watoto wenzake wakamwita Daktari Mdudu. Mji ukakua, mashamba na madimbwi yakajengewa, wadudu wakaisha. Alipokuwa mtu mzima akaona watoto wa mjini hawana tena pa kukamata kitu, akaiweka raha ile ndani ya kimashine cha kushika mkononi. Gemu za kwanza zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, zikiwa na viumbe 151, na unaweza kubadilishana na mwenzako kwa waya, kama tulivyobadilishana sisi.

Maana tulibadilishana. Magomeni, baada ya mvua, marehemu kaka Shabani alikuwa anakamata kereng'ende kwa vidole viwili kwa nyuma, anawafunga uzi wa cherehani wa mama mkiani, wanaruka juu ya vichwa vyetu kama tiara ndogo. Wangu walikuwa wanakufa. Wa Shabani hawakufa, au alikuwa anawabadilisha nisipoona. Kereng'ende mmoja mwekundu kwa wanne wa kawaida. Hapa Tabata sikumbuki mara ya mwisho kumwona mwekundu.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Alhamisi usiku mfumo wa kazini ulinigomea. Nilikuwa na kontena mbili za mteja zinazohesabiwa gharama za kukaa kila siku, laptop ya ofisini iko ofisini, nikaichukua ile ya zamani nijaze nyaraka nikiwa nyumbani. Inazunguka tu. Nikampigia kijana wetu wa kompyuta, yuko kwenye mpira, makelele nyuma yake, ananiambia, "Futa kila kitu kwenye brauza, dada. Historia, kuki, data za kurasa, weka tiki zote." Nikaweka tiki zote. Mfumo ukafunguka, nikajaza, nikafurahi, nikalala usingizi wa pono.

Mmeshajua. Gemu ile haina akaunti, haina nywila, haihifadhi chochote kwao. Inaseivu ndani ya brauza yako, kwenye kompyuta ile ile, mahali pale pale nilipoweka tiki. Wiki tatu za Isa. Baba yake, Bibi, Mwanne, Rama, Mudi na moshi wake, Isa mwenyewe, na mimi kwenye kijumba changu.

Ijumaa jioni nimefika saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku zote, nimebeba na maandazi. Nimemkuta ameukalia ukurasa ambao mzee mwenye koti jeupe anakukaribisha na kukuuliza jina lako. Akafunga, akafungua. Mzee yule yule. Akafunga tena, akafungua.

"Mama, umefuta?"

"Nimefuta mwanangu. Ilikuwa ya kazi. Sikujua."

"Wote?"

"Wote."

"Na wa kwenye boksi?"

Nikasema na wa kwenye boksi. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningembeba. Alikaa kidogo, akaenda kupiga mswaki, saa moja jioni, hajala.

Nikajifungia chumbani nikitafuta namna ya kurudisha. Haipo. Nilichokipata ni orodha ya vilivyopotea vya watu wengine, na nakiri kilinipoza kidogo, msiba wa wengi. Tovuti rasmi ya Pokémon ilikuwa na michezo midogo ya watoto iliyoendeshwa kwa Flash, programu ya zamani ya kuchezea vitu kwenye brauza, na Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Kabla ya hapo kulikuwa na Dream World, iliyoanza Japani mwaka 2010. Hii ilinigusa. Unamlaza mnyama wako kwenye kimashine cha Nintendo DS, halafu unaingia kwenye tovuti kwa kompyuta, na kule unakuta ndoto yake: una kanyumba, una bustani ya matunda ya kumwagilia, una kisiwa ambako unakutana na wanyama wengine, ukizoeana na mmoja unarudi naye. Na walikuwa wanakuruhusu saa moja tu kwa siku. Wakubwa wa kampuni nzima walikaa kikao wakafikia uamuzi nilioufikia mimi jikoni. Waliifunga tarehe 14 Januari 2014. Kuna mtu mzima mahali fulani ambaye bustani yake haijamwagiliwa tangu siku hiyo.

Rama alikuja leo mchana, mikono mifukoni, kama mtu aliyeletwa kutoa pole. Ndiye aliyeniambia, tena Isa akiwa chooni.

"Shangazi, Abra ni kazi kumpata. Anakutoroka. Isa alihangaika naye siku mbili, mimi nilimwambia achana naye, chukua mwingine yeyote umwite mama, akakataa. Kamrushia mipira ya kukamatia kama thelathini."

"Sasa kwa nini akamweka boksi?"

"Si ukimtoa atapigwa? Bado mdogo yule, hana pigo."

Mnajua Rama ni mwanasiasa, baba yake alikuwa hivyo hivyo, anakupa neno unalolihitaji halafu anaomba elfu mbili. Na aliomba. Lakini mipira thelathini si kitu cha kubuni papo hapo. Nimesimama pale na jagi la juisi ya ukwaju nikiwa na furaha ya ajabu, na Abra mwenyewe nimeshamfuta. Siku mbili za kumkamata, nikamwondoa kwa tiki moja, tena kwa sababu ya kontena.

Sijamuuliza Isa. Nikimuuliza atanijibu sentensi moja nyingine ya maneno manne na sitalala mpaka Pasaka.

Jioni ameanza upya. Hakunialika, ila alisogea kwenye benchi pakabaki nafasi ya mtu. Mzee wa koti jeupe anakupa wanyama watatu uchague mmoja: Charmander wa moto, Squirtle wa maji, Bulbasaur wa majani.

"Chagua wewe," akasema.

Nikachagua Bulbasaur kwa sababu anatembea kama mtu aliyejitwika kabichi kuelekea soko la Mabibo. Rama akaguna kwa heshima. Kumbe kiongozi wa kwanza utakayepambana naye anatumia mawe, na majani yanayachakaza mawe. Onix hasa, huyo hadumu. Nimelifurahia jambo hili kuliko inavyompasa mke wa mtu aliye Tunduma.

Ikatokea ile sehemu ya kuuliza kama unataka kumpa jina. Kiboksi cheupe, kimstari kinawakawaka. Isa akaweka vidole juu ya kibodi. Nikajifanya natazama feni. Kikawaka, kikazima, kikawaka. Akabonyeza hapana.

"Hana jina?"

"Bado."

Bado. Neno moja, na hili nimelibeba mpaka kitandani pia, lakini halinichomi kama lile. Naligeuzageuza tu.

Kilichoniinua kuja kuandika, nikisema kweli, ni kingine. Wakati wa chakula mama aliuliza, "Shabani kala?" Nikadhani nimesikia vibaya, feni inapiga kelele. Mwanne akapakua mchuzi. Dakika kumi baadaye mama akamtazama Isa usoni, akamsogezea bakuli, akasema, "Kula Shabani, utachelewa madrasa." Isa akajibu tu, "Nakula bibi." Rama akaacha kutafuna, akanitazama mimi.

Wiki iliyopita mama alinitafutia uzi wa cherehani. Cherehani tuliiuza 1998. Jumatatu natakiwa kwenye kiti kipya saa mbili kamili, na kliniki wanaanza kutoa namba saa mbili hiyo hiyo.