Nilivyotoa DNA kwenye bloku za nta kwa hotpoti na kandambili

Miezi minane nilikuwa napiga picha za jeli tupu, ile jeli ya maabara ambayo DNA ikiwepo inaonekana kama mstari. Unawasha taa unaona ngazi ya vipimo (DNA ya kulinganishia ukubwa) peke yake imesimama kama nguzo ya stima, kwingine kote giza. Mimi binti wa kambi, nimekulia Jinja kwa baba mwanajeshi, sikutegemea kushindwa na kitu kinachokaa kwenye mrija mdogo kuliko kidole changu.

Kazi yenyewe ilikuwa bloku za zamani, yaani vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta, za watoto waliopata uvimbe wa taya, ule ambao Denis Burkitt aliuandikia 1958 akiwa daktari wa upasuaji hapa hospitali ya Mulago, Kampala. Nilitaka kuona kama virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na uvimbe huo, vimo, ila kabla ya hapo lazima uonyeshe DNA ya mtoto mwenyewe bado ipo, kwa hiyo nilianza na beta globini, jeni ambayo kila mtu anayo, nikajaribu kunakili kipande chake cha herufi 268 kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi). Hola.

Ushauri sasa! Mmoja akasema ongeza DNA, nikaongeza, giza likazidi. Mwingine akasema kit yako (dawa za kutolea DNA) feki agiza nyingine, basi milioni na ushee za Uganda zikaenda, mzigo ukakwama Entebbe mpaka barafu ikaisha yote. Wa tatu akasema tupa hizo bloku ni uchafu. Huyo aliniudhi kweli, maana hata ile sampuli iliyotoka hapa Uganda kwenda kwa mwanasayansi Anthony Epstein kule London, ndege ikapelekwa Manchester sababu ya ukungu, ilifika imechafuka wakadhani bakteria wameingia, kumbe ni seli hai zinaelea, na hizo ndizo zilifanya virusi vionekane 1964. Sasa wewe unaniambia nitupe.

Halafu ikaja siku mstari ukatokea. Mzuri, mnene! Nikapiga kelele, nikashuka Wandegeya nikanunulia maabara nzima rolex (chapati ya mayai), nikampigia mama. Narudi nimeshiba naangalia picha vizuri, mstari uko mpaka kwenye mrija wa maji matupu, ambao haukutakiwa kuwa na DNA yoyote. Yaani nilikuwa nimesherehekea uchafu wangu mwenyewe, nilikuwa nafungulia mirija ya PCR iliyokwisha pale pale ninapoandalia mipya. Wiki mbili nasugua meza na Jik, nikahamia chumba kingine na pipeti zake, na wembe ni mpya kila bloku. Rolex hakuna aliyenirudishia.

Tatizo lingine stima. Nyama lazima ilale na enzaimu ya kuiyeyusha kwenye joto la nyuzi 56, mimi naacha usiku tatu, lakini stima inakatika saa nane usiku unakuta asubuhi kila kitu kimepoa. Nikachukua hotpoti ya nyumbani, ile kubwa ya posho, nikajaza maji ya 58 hivi, nikakata kandambili yangu ya bluu duara, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, mirija ikakaa humo inaelea kama mitumbwi ya Ggaba. Asubuhi maji bado ya moto wa kutosha. Walinicheka sana, baadaye watatu wakaja kuulizia kandambili saizi gani (saba).

Ila aliyenitoa kabisa ni mzee mmoja fundi anayekata bloku tangu sijazaliwa, tunaongea Kiswahili kwa sababu na yeye ni wa kambini. Akaniambia, "Mwanangu, miaka ile formalini tulichanganya na maji ya bomba tu, bafa ya kupunguza asidi hakuna, na nyama inakaa humo hata wiki. Uzi mrefu utoke wapi?" Nikaona aibu, maana formalini ya hivyo, dawa ya kuhifadhia nyama, inakatakata DNA, na mimi natafuta kipande kirefu. Nikaagiza praima (vipande vidogo vya DNA vya kuanzishia kunakili) za kipande kifupi cha herufi 110, na badala ya kuongeza DNA nikaipunguza, moja kwa hamsini, ili takataka za damu zinazozuia enzaimu ya PCR nazo zipungue. Tone la albumini ya ng'ombe juu yake, protini ya kunasa takataka zilizobaki.

Safari hii niliangalia mrija wa maji kwanza. Mweusi. Halafu ndio nikaangalia watoto, mistari imepangana.

Bloku 43, zilizotoa mstari 31. Zile 12 ziko kwenye boksi la viatu chini ya meza yangu, mzee kila Ijumaa anauliza nazirudisha lini stoo, nami namwambia wiki ijayo mzee.