Suruali za wazee wa miaka 19

Mmisionari wa kwanza wa Wamormoni, lile kanisa lenye makao makuu Marekani, kuingia kibandani kwangu cha kushona Kangemi, Nairobi, aliniletea suruali iliyochanika mapajani. Kijana wa Kimarekani, ndevu hazijaota, beji nyeusi kifuani, akajitambulisha kuwa ni Mzee fulani. Nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni. Mzee wa wapi? Akanieleza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, kwamba hicho ni cheo cha ukuhani, si umri. Mwenzake, Mganda, alisimama mlangoni akinicheka mimi.

Tangu hapo nimeshona nyingi. Suruali za hawa vijana huisha kwenye pindo na katikati ya mapaja, kwa sababu wanatembea kutwa, na wawili wawili. Hutamkuta mmoja peke yake. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua, kununua chakula na kuniletea kazi. Chai yangu hawajawahi kuionja. Kwao chai na kahawa ni mwiko, nami ilinichoma kidogo, maana mgeni kukataa chai Kenya hii si jambo dogo. Siku hizi nawachemshia maziwa.

Nilidhani wanalipwa, tena kwa dola. Kumbe hakuna mshahara. Kijana huweka akiba, jamaa zake huchanga, na aliyepungukiwa husaidiwa na kanisa. Wavulana huenda miezi 24, wasichana 18. Pa kwenda hawachagui: unajaza fomu, kisha unasubiri wito kutoka makao makuu, Salt Lake City.

Kisha mtoto wa dada yangu akabatizwa katika kanisa lao, na baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, akasema naye anakwenda umisionari. Dada alilia. Sisi ni Wakatoliki. Tunayemjua kama mmisionari ni padri au mtawa, mtu aliyetoa maisha yake yote, si mtoto wa kwenda na kurudi. Na barua ya chuo ilikuwa tayari kabatini.

Nikaanza kuwauliza wateja wangu, nikiwapima kiuno: kwani mnaenda kwa nini? Kwa wavulana ni wajibu, na tangu 2012 wanaanza na miaka 18, zamani ilikuwa 19. Msichana huenda akipenda. Mmoja aliniambia babu yake alienda, baba yake akaenda, sasa yeye angebaki na uso gani? Jibu hilo halikunipendeza. Akaongeza kwamba mwezi wa tatu alitaka sana kurudi kwao, na aliyemzuia hakuwa baba, ni nyanya mmoja wa Kawangware ambaye macho yamekwisha, aliyekuwa akimsubiri kila Alhamisi amsomee Biblia. Binti mmoja alinijibu kwa maneno matatu: "Niliomba, Mungu akanijibu." Kwa hilo sikuwa na swali la kuongeza.

Wa kwetu alikuwa na lake. "Mama mdogo," akaniambia, "hapa Kenya kanisa letu limesajiliwa 1991. Si la kurithi. Mimi nilibishiwa mlango na mtu aliyeacha chuo chake. Sasa mimi nikae tu?"

Hapo nikamwelewa, maana hiyo ni lugha ya harambee. Ukichangiwa, siku ya mwenzako hujifichi. Imani yake siifuati, na Kitabu cha Mormoni alichoniachia kiko juu ya kabati, lakini deni nalijua.

Alitumwa Zambia. Mwenzake wa tawi hilo hilo, aliyekuwa ameshanunua koti la baridi, alipangiwa humu humu Kenya, akanuna siku mbili. Wa kwetu nilimshonea suruali mbili, mapajani nikapiga mshono mara mbili na kutia kiraka kwa ndani.

Zamani walipiga simu nyumbani mara mbili kwa mwaka. Tangu 2019 ni kila wiki, kwa hiyo Jumatatu dada huja kibandani na simu yake imejaa chaji. Juzi kijana aliinua mguu mbele ya kamera: mapaja mazima, pindo limeliwa lote. Anasema kuna fundi jirani atakayeikata ifupishwe. Nimemwambia asithubutu, nimeacha kitambaa cha akiba humo ndani, afumue tu.