BA ya kemia

Aprili 2017 barafu ya Ziwa Mendota ilikuwa imeshayeyuka, lakini mimi bado nilivaa glavu. Nilikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, nikisoma kemia, na mshauri wa masomo alikuwa amenipa wiki moja niamue: BA, shahada ya sanaa, au BS, shahada ya sayansi.

Katika kitivo changu kemia ilikuwa ileile kwa wote. Maabara zilezile, kemia ya kaboni ileile iliyonikesha, mitihani ileile. Tofauti ilikuwa pembeni. BS ilitaka hesabu za ziada, ambazo nilishazimaliza, na biolojia krediti 6. BA ilitaka fasihi krediti 6, na lugha ya kigeni ifike muhula wa nne badala ya wa tatu.

Lugha yangu ilikuwa Kizulu. Nilikichukua kwa sababu kipindi kiliangukia saa niliyokuwa na nafasi, kikaniteka. Siku mwalimu alipoandika ubaoni umuntu, inyama, ukudla, nilijisikia kama nimekutana na shangazi ambaye sijawahi kumwona, ila pua yake naijua. Tangu hapo nikitoka maabara nilipanda kilima hadi Van Hise, jengo la ghorofa 19 linalofundishiwa lugha. Limepewa jina la Charles Van Hise, mwanajiolojia, mtu wa kwanza kupata PhD chuoni hapo, mwaka 1892. Mtu wa miamba, na nyumba yake imejaa lugha! Nililipenda sana jambo hilo.

Kwa hiyo moyo ulishachagua BA. Niliogopa vitu viwili: kibali cha kazi na baba.

La kibali liliisha upesi. Mwanafunzi wa kigeni Marekani akihitimu hupewa miezi 12 ya kufanya kazi, na aliyesoma sayansi anaweza kuomba 24 zaidi. Nilidhani neno sanaa kwenye cheti lingeniondolea hiyo 24. Dada wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni alifungua fomu yangu ya I-20, akaweka kidole kwenye namba 40.0501. Hiyo ni kemia, akasema, na wanaoamua wanaangalia namba hii.

Baba ndiye alikuwa mtihani. Alifundisha fizikia sekondari mpaka alipostaafu, na kwake kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, ilikuwa PCM: fizikia, kemia na hesabu. Watoto wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, aliwaonea huruma, kana kwamba wamekosa gari. Nami nilikua na mawazo hayohayo, nikawatazama hivyo wenzangu wa shule. Haikuwa haki, na bado inaniuma.

Nilimpigia Jumapili saa nne asubuhi, Lushoto ikiwa saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Sanaa? Utoke PCM uende ukasome sanaa?"

Nikamweleza kwamba Berkeley, California, anayehitimu fizikia hupewa BA. Kwamba MIT hata aliyesoma fasihi hupewa shahada ya sayansi. "Herufi zinafuata chuo, baba. Somo ni lilelile."

"Fizikia, BA," alisema, kama anaonja chakula asichokijua. Halafu: "Fizikia ya kwanta mmefika wapi?"

"Chembe ndani ya kisanduku."

"Kwa nini nishati yake haiwezi kuwa sifuri?"

Nikasimama pale dirishani nikajibu kama niko ubaoni kwake: chembe humo huenda kama wimbi, na wimbi lazima liishie sifuri kwenye kuta zote mbili, kwa hiyo dogo kabisa linaloenea humo ni nusu wimbi, na nusu wimbi tayari lina nishati.

"Kisanduku kikirefushwa mara mbili?"

"Inashuka, inabaki robo."

"Robo," alirudia. Nilisikia kiti chake kikisogezwa. Nyuma yake masika yalikuwa yanapiga bati kwa nguvu, hata ikabidi apaze sauti.

"Na hao Wazulu, mvua wanaiitaje?"

"Imvula, baba."

"Imvula," akasema. Kisha nikamsikia akimwita mama, amwambie.