Mbunge Avutaye Sigara Atengewe Mahali, Lakini Nje ya Jengo

Jengo la Bunge ni la wabunge, lakini si lao peke yao. Humo wamo makarani, waandishi wa habari, walinzi, wahudumu wa mkahawa, wafanya usafi na wananchi wanaokuja kusikiliza mijadala. Kwa hiyo swali la wapi mbunge avutie sigara linapozuka, mimi huanza kuwafikiria hao, kwa kuwa mbunge akikerwa na moshi anaweza kuondoka, ilhali anayemhudumia hana pa kwenda mpaka zamu yake iishe.

Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 imepiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma, ila inaruhusu kutengwa kwa eneo maalumu, mradi lizibwe kuanzia sakafuni hadi darini, liwe na mlango imara na hewa yake itolewe nje. Ukiyasoma masharti hayo utaridhika. Nimewahi kufanya kazi katika jengo la ofisi lenye chumba cha namna hiyo, na kila mlango ulipofunguliwa, moshi ulitoka pamoja na mtu. Mapazia yalikuwa yamegeuka manjano, na mama wa usafi, ambaye hakuwahi kuvuta sigara, aliingia kumwaga majivu akiwa amejiziba pua kwa ncha ya leso.

Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwingine kilicho salama, na kwamba kutenga vyumba au kusafisha hewa hakumkingi kikamilifu asiyevuta.

Ndiyo maana nawasifu wabunge wa Uingereza. Kasri la Westminster, linamokutana Bunge lao, ni kasri la kifalme, hivyo katazo la kuvuta sigara lililoanza tarehe 1 Julai 2007 halikuwabana kisheria, lakini waliamua kulifuata kwa hiari na wavutaji wakatengewa sehemu za nje. Januari ya mwaka huohuo, Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, alikataza sigara katika ukumbi wa mapumziko wa wawakilishi mjini Washington, ingawa kila mwakilishi aliachiwa uhuru wa kuvuta ofisini mwake, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa wasaidizi wanaoshinda humo.

Simtakii mvutaji aibu. Uraibu wa nikotini ni mzito, na anayetaka kuacha asaidiwe. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, hairuhusu kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na penye uwanja mpana umbali huo hupatikana. Pajengwe kibanda kisicho na kuta, chenye mchanga wa kuzimia vipisi, mbali na madirisha na matundu ya kuingizia hewa, na kengele ya kuwaita wabunge kupiga kura ifikishwe huko, ili asiwepo wa kudai kwamba lazima avutie ndani.