Kukabidhi kifaa tiba kwa kiwanda: anza na jalada

Kifaa kinachofanya kazi vizuri juu ya meza ya maabara Makerere au Mbarara bado si bidhaa. Kampuni inayokitaka hununua vitu viwili: haki ya kukitengeneza, na jalada, yaani faili la michoro na maelezo yote, linalomwezesha fundi asiyewahi kuonana na mvumbuzi kutengeneza kingine kilekile. Haki watu huikumbuka. Jalada ndilo hukosekana, na hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama.

Tuanze na haki hata hivyo. Kabla ya kumwita mwekezaji, jueni mwenye mali ni nani. Someni sera ya chuo kuhusu miliki bunifu, mkataba wa mfadhili, na makubaliano na chuo cha nje kama mlishirikiana. Mwanafunzi aliyechora saketi bila kulipwa huenda ana haki zake. Asaini hati ya kuzihamisha mapema, kwa sababu akishahitimu na kwenda zake, kukosa saini yake moja kunaweza kusimamisha kila kitu. Kisha pelekeni ombi la hataza (haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake) URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kabla ya kongamano, kabla ya bango, kabla tasnifu haijawekwa maktaba. Kilichokwisha kutangazwa, nchi nyingi hukikataa kwa kuwa si kipya tena. Tangu siku ya ombi la kwanza mna miezi 12 ya kupeleka ombi nchi nyingine na kudai lihesabiwe kwa tarehe hiyohiyo. Hataza ya Uganda haivuki Busia wala Mutukula, lakini ombi moja kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, linaweza kutaja Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja.

Sasa jalada. Chukueni mfano wa kitanda cha kupasha joto watoto njiti. Mchoro wa saketi hautoshi. Iandikwe kila sehemu kwa namba yake ya kiwandani, pamoja na mbadala uliokwisha kupimwa. Bila hilo, ofisa manunuzi atanunua kihisi joto cha bei nafuu kinachofanana kwa umbo, kipimo kitapotoka kwa nyuzi moja, na kwa mtoto ambaye joto lake linapaswa kuwa kati ya 36.5 na 37.5, nyuzi moja ni kubwa mno. Iandikwe pia kifaa kifanye nini kihisi kikichomoka: kizime hita na kupiga kengele. Hiyo ndiyo tathmini ya hatari inayotakiwa na ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa tiba, nayo ifanywe kwa kila hitilafu, ikiwemo umeme kukatika na kurudi kwa nguvu nyingi. Swichi ya pili ya kukata joto isitegemee programu ileile inayoendesha hita, maana programu ikiganda, zote mbili zitalala.

Malighafi huumbua wengi. Ganda la PLA (aina ya plastiki) lililotoka kwenye printa ya 3D huanza kulegea karibu na nyuzi 60, ilhali otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, hufika 121. Hata kisichochemshwa hufutwa kwa klorini ya 0.5%, yaani sehemu moja ya Jik ya 3.5% kwa sehemu sita za maji, na klorini hula skrubu za chuma na kudhoofisha baadhi ya plastiki. Jaribuni ganda kwa dawa hiyo, mara nyingi kadiri manesi watakavyofuta, kabla ya kulipia kalibu, yaani umbo la chuma la kumiminia plastiki. Kalibu ni ghali, na kubadilisha plastiki baadaye mara nyingi ni kuichonga upya, kwa kuwa kila plastiki husinyaa kivyake.

Majaribio kwa wagonjwa yapitie kamati ya maadili na kusajiliwa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Wekeni karatasi zote, kampuni itaziomba.

Katika leseni, yaani mkataba wa kuipa kampuni haki ya kutengeneza, msitoe haki ya pekee (kampuni hiyo tu) bila masharti ya muda: kifaa cha kwanza kiuzwe kufikia tarehe fulani, la sivyo haki irudi. Mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwenye haki, utajwe juu ya mauzo baada ya kuondoa kodi, usafiri na vilivyorudishwa. Kwa mfano, vifaa 500 vya shilingi 500,000 kwa 4% ni milioni 10. Kiwekwe pia kiwango cha chini cha kila mwaka, na haki ya kukagua vitabu.

Kipengele tunachokisisitiza kuliko vyote ni vipuri: kampuni iahidi kuuza kihisi, kebo na fyuzi, na kutoa mwongozo wa matengenezo, kwa miaka isiyopungua umri wa kifaa.