Vichwa bapa vya Manda

Mtu wa Mbeya ukimtajia mifupa ya kale, akili yake inakimbilia Rukwatitan, dinosaria wa Songwe aliyepewa jina mwaka 2014. Sawa, ni mkubwa. Mapenzi yangu mimi yako upande mwingine: upite Njombe, upite Ludewa, ushuke bonde la Ruhuhu hadi mto unapoingia Ziwa Nyasa pale Manda. Kwenye mawe ya huko ya kipindi cha Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, yametoka mafuvu ya amfibia wenye vichwa bapa na meno ya kuogofya. Mwaka 1970 Anne Howie, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Anne Warren huko Australia, aliwatangaza kuwa spishi mpya, Parotosaurus pronus.

Nafundisha baiolojia, na kila nikigusia habari hii swali ni lile lile: “Mwalimu, alijuaje kuwa ni mpya? Si fuvu tu?”

Kulijua kundi ni rahisi. Hawa wa Manda macho yako nyuma kabisa ya kichwa. Binamu zao metoposauri macho yako mbele, karibu na pua. Kasheshe inaanza mkishaingia ndani ya kundi moja. Fuvu ni vipande vingi vilivyoungana, na kila vinapokutana pana mshono. Mtaalamu anaifuata mishono hiyo: mfupa upi unafika ukingoni mwa tundu la jicho na upi umezibiwa njia na jirani yake, lile pengo la nyuma, upande wa sikio, liko wazi au limefungwa, kaakaa limekaaje. Na mfupa wenyewe juu umejaa vishimo na matuta, halafu umelaliwa na mawe kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo ufa nao unajifanya mshono.

Darasani natumia kambale. Nanunua vichwa sokoni Mwanjelwa, vikubwa na vidogo, nachemsha, nasugua kwa mswaki wa zamani, wanafunzi wanachora mishono kwa penseli. Kuna kundi liliniandikia kwa kujiamini kabisa kwamba wamepata spishi mbili, kwa kuwa mmoja ana macho makubwa ukilinganisha na kichwa. Wote wawili wa Kyela, tena aina moja. Mwenye macho makubwa alikuwa mtoto tu.

Ndiyo maana nawaonea wivu waliochimba Algarve, Ureno. Metoposaurus algarvensis, mmoja wa wale metoposauri, aliyetangazwa 2015, alitoka kwenye tabaka lililojaa mifupa ya wanyama wengi pamoja, kwa hiyo kulikuwa na cha kulinganisha. Kermitops, amfibia mwingine wa kale wa Texas, yeye alipewa jina 2024 kwa fuvu moja la sentimita tatu hivi, lililookotwa 1984 na kukaa makumbusho miaka yote hiyo. Fuvu moja linaweza kutosha, ila tofauti zake ziwe za kina, zisizoelezeka kwa umri wala kwa kubanwa na mawe.

Wa Manda naye hakuachwa na jina lake. Jina la spishi, lile la pili, limebaki, la jenasi, lile la kwanza, likabadilishwa, siku hizi anaitwa Stanocephalosaurus pronus. Mimi nafurahi, maana yake mafuvu bado yanaangaliwa. Kidato cha tano wamenuna: jina lenyewe halitamkiki, na bado linabadilishwa.