Siku Moja Maishani Mwangu: Mwandaaji wa Mashindano ya Programu, Kigoma

Nikisema kwamba kazi yangu ni kuandaa mashindano ya wanafunzi wa sekondari ya kuandika programu za kompyuta, majirani zangu hapa Mwanga huniuliza watoto wanacheza gemu gani. Hii ndiyo Jumamosi yangu.

Saa 12:30 asubuhi nilifungua maabara. Kwa kuwa siku ya mashindano hatuthubutu kutegemea intaneti, kompyuta moja huwa seva na nyingine huunganishwa nayo kwa nyaya, nami hutambaa chini ya meza kukagua waya mmoja mmoja kabla wanafunzi hawajafika.

Saa 2:00 hadi saa 6:00 mchana walishindana, na mimi nilibadilisha vipanya na kuwaambia wasome swali tena.

Saa 6:15 ulianza muda wa rufaa, akaja mwalimu mmoja pamoja na mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, aliyepata alama 40 kati ya 100 katika swali la mwisho. Swali lilitoa uzito wa dagaa wa kila mtumbwi uliofika mwalo wa Kibirizi, likauliza kama ipo mitumbwi miwili ambayo mizigo yake ikijumlishwa inakuwa sawasawa na uzito fulani.

"Madamu, jibu la mtoto huyu ni sahihi. Nimelihakiki mwenyewe kwa mifano yote iliyo kwenye karatasi."

Nilimweleza kwamba programu ile inalinganisha kila mtumbwi na kila mwenzake: mitumbwi 10 ni jozi 45 tu, lakini mitumbwi 100,000 ni jozi karibu bilioni 5, na kikomo chetu cha muda wa programu kutoa jibu ni sekunde 2. Ndiyo maana alama hutolewa kwa mafungu, kama ilivyo katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, yaani mashindano ya dunia ya programu kwa wanafunzi wa sekondari, iliyoanza Bulgaria mwaka 1989. Anayemudu data ndogo hapati sifuri, ila hapati zote.

"Kwani kwenye hisabati aliyefika kwa njia ndefu ananyimwa alama?"

Hoja ilikuwa nzuri, na kwa njaa niliyokuwa nayo, uzuri wake ndio ulionikera zaidi. Akairudia kwa maneno mengine, kisha akamweleza mwalimu mwenzake aliyekuwa akipita, kisha akanirudia mimi. Hatimaye niliondoa kikomo, nikaiendesha programu kwa data kubwa kuliko zote mbele ya macho yake, tukakaa kuisubiri. Chai ililetwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa, programu bado inahesabu.

Mwanafunzi, ambaye hakuna aliyemuuliza neno tangu wafike, alivuta karatasi akachora mstari. Mizigo ikipangwa kuanzia mwepesi hadi mzito, alisema, mtu ataweka kidole kimoja kila mwisho. Jumla ikipungua anasogeza cha kushoto, ikizidi anasogeza cha kulia, na vidole vikikutana bila kupata jibu, jozi hiyo haipo.

Mwalimu aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Alama zilibaki 40. Hakuomba radhi, wala sikuitarajia; alitoa fleshi mfukoni, akaniomba nimnakilie data zote za majaribio ili Jumatatu awape wanafunzi wa klabu yake. Nilizinakili huku nikiandaa orodha ya matokeo, ambayo ilikuwa imechelewa, na nje walimu wengine walikuwa tayari wakiiulizia.